Mshono Usio na Fundo

Kidole changu cha shahada ndicho kilichonipa habari. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, ndani ya gari kuukuu ambalo mimi na mume wangu tulikuwa tukilifufua kwa mwaka wa pili. Nilikuwa nimekaa kiti cha kati, napitisha kidole chini ya mstari nilioushona mwenyewe kwa mkono, natafuta fundo. Mimi hufunga uzi kwa fundo, tena mara mbili, ndivyo alivyonifunza mama yangu kwetu Mombasa. Kidole kikafika mwisho wa mstari, kisikute kitu. Nikarudi nyuma, nikapapasa tena. Uzi ulikuwa umerudishwa chini ya mishono na kukatwa huko huko, laini kabisa, hujui umeishia wapi.

Nilijua papo hapo kwamba ule haukuwa mkono wangu, na nilijua ni mkono wa mtu wa namna gani. Hivyo ndivyo washonaji kofia wa Lamu wanavyomaliza uzi. Kofia haitiwi fundo, kwa sababu fundo humkwaruza mvaaji kichwani. Na kwetu pwani mwanamke hamshonei mwanamume kofia kwa kupitisha wakati tu. Humshonea mumewe, au yule anayetaka awe mumewe. Mume wangu ni mtu wa Lamu. Basi nikapiga hesabu yangu pale kitini: yupo mwanamke wa kwao hapa Dubai, anaingia garini mwetu nisipokuwepo, na amethubutu kufumua mshono wangu akatia wake.

Mume wangu alikuwa nje, kichwa ndani ya boneti, anapuliza tundu za kabureta kwa mdomo.

"Bi Fundi," akaita, "hebu nipe kile kitambaa."

Nikampa. Akanitazama akatabasamu, na mimi nikaona lile tabasamu limezidi kipimo. Nikarudi kitini nikaendelea kupapasa, na kila nilipopapasa sikupata fundo.

Gari lenyewe lilikuwa la Kifaransa, lile la mgongo mrefu lenye safu tatu za viti, ambalo kila mtu wa pwani wa umri wangu amepata kubanwa ndani yake akipelekwa arusini. Baba yangu alikuwa nalo. Nilipokuwa darasa la sita aliliuza kwa mtu wa Voi bila kutuambia. Tulirudi shule tukakuta ua mtupu na doa la mafuta. Sijamsamehe mpaka leo, naye ameshatangulia, Mungu amrehemu. Mume wangu kwa upande wake alijifunzia ufundi kwenye injini za gari hilo, katika gereji moja ya Mombasa. Dubai alipata kazi ya kutengeneza lifti kwenye majumba marefu. Kazi safi, lakini alikuwa akilalamika kwamba lifti haina safari, ni juu na chini tu. Siku tulipoliona lile gari Sharjah, limelala katika uwanja wa vyuma chakavu, viti vimeliwa na panya na springi zimetokeza, tulitazamana tukacheka, tusiulizane hata swali moja. Tangu tuoane sikumbuki jambo tulilokubaliana upesi namna ile.

Tukalipeleka Al Quoz, kwenye gereji ya mzee mmoja wa Kizanzibari aliyetupa pembe yenye kivuli, naye mume wangu akawa anamtazamia mashine zake. Tukagawana kazi. Chuma chote chake, yaani injini, bodi, kutu na rangi. Chochote kinachogusa mwili wa mtu changu: viti, dari, zulia, vitambaa vya milango. Mishono ya ndani niliipiga kwa cherehani ya dukani, kwa maana nilikuwa fundi wa duka moja la mabuibui na magauni Bur Dubai, lakini mistari ya juu, ile inayoonekana, niliishona kwa mkono. Na tulikuwa na mwiko wetu: hakuna kuligusa gari mpaka tuwe wote wawili. Ijumaa tu. Yeye ndiye aliyeuweka mwiko huo, na mimi niliupenda, kwa sababu mjini mle watu huishi nyumba moja wasionane, na sisi angalau tulikuwa na Ijumaa yetu.

Sasa mtu anipe sababu nyingine ya mshono usio na fundo.

Nikaanza kufungua macho, au niseme, hivyo ndivyo nilivyodhani. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwepo tele. Kopo langu la sindano, ambalo halijui mkono mwingine ila wangu, nililifungua nikakuta sindano zote zimeshatungwa uzi, zimepangwa kama askari. Mimi hutunga sindano ninapoihitaji. Simu yangu nayo, asubuhi moja niliiwasha nikakuta herufi zimekuwa kubwa mno. Mtu ameishika. Nikamuuliza mume wangu, akasema labda imejibadilisha yenyewe. Simu gani hiyo hujibadilisha yenyewe?

Halafu ile tabia yake mpya ya kutembea. Miaka yote tulitembea ovyo, mara yeye mbele, mara mimi. Sasa tukienda kununua nyuzi kwenye maduka ya vitambaa, lazima apite kushoto kwangu. Nikienda huku, yeye huzunguka akaja kushoto. Na kila nilipomtafuta kwa pembe ya jicho sikumwona, nikawa na hakika amebaki nyuma makusudi kusoma simu yake. Nikigeuka ghafla nimfume, namkuta yuko bega kwa bega na mimi, mikono mitupu. Nikasema moyoni, huyu ni mwepesi wa kuficha.

Hata mambo madogo yalianza kunitia wasiwasi. Vikombe vilikuwa vikiwekwa ukingoni mwa meza ambapo mkono wangu lazima uviangushe. Milango ya makabati ilikuwa ikiachwa wazi inigonge bega. Dukani madam, mwenye duka, alinitoa kwenye kutia shanga akanipa kushona pindo, baada ya miaka yote ile, nikajua kuna mtu amenichongea. Nilimshuku yule dada wa Kifilipino aliyepewa shanga zangu, nikaacha kumsalimia.

Tulipanga chumba kimoja katika flati ya Al Mankhool. Chumba cha pili alikaa dada mmoja wa Kikenya, mtu wa bara, mfanyakazi wa hoteli, mcheshi na mkali wa ulimi. Siku moja jikoni nikamweleza habari za mshono. Aliacha kukata sukuma wiki akanikodolea.

"Weh! Na wewe umenyamaza tu?"

"Nataka ushahidi."

"Ushahidi gani tena, dadangu? Mwanamke ameshona kiti chako! Mimi ningekuwa nimeshamfuata kitambo." Akatikisa kisu. "Jumamosi huwa ako wapi?"

Hapo ndipo nilipozinduka. Jumamosi mume wangu alikuwa na mapumziko, na mimi nilikuwa dukani mchana kutwa. Alikuwa ananiambia analala.

Ijumaa iliyofuata nikamwendea mzee wa gereji alipokuwa peke yake. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikamuuliza kama kuna mtu huja kuligusa gari letu siku nisizokuja.

"Hujambo bibi. Gari zima, inshallah litapendeza," akasema.

"Nimeuliza mtu, mzee wangu."

Akaangalia viatu vyake. "Mie jicho langu liko kwenye kazi, bi. Sijaona kitu." Mtu ambaye hajaona kitu huwa haangalii viatu.

Niseme wazi nilivyojisikia, maana watu hupenda kusema wivu ni mapenzi. Mimi nilikuwa naona aibu. Dini inamruhusu mwanamume mke wa pili, hilo nalijua toka utotoni, na angekuja akaniambia, tungegombana, pengine tungeachana, lakini ingekuwa kwa heshima. Kilichoniunguza ni kwamba alimpeleka garini. Angempeleka kokote Dubai nzima, nisingeumia vile. Niliamua kwamba nikimfuma naye, nachukua kopo langu la sindano na nguo zangu narudi Mombasa kwa binti yetu tuliyemwacha kule, na ndoa imekwisha. Usiku huo nilimwangalia akila wali, nikahesabu kwamba huenda ni wali wetu wa mwisho pamoja.

Jumamosi nikaenda kazini kama kawaida. Adhuhuri nikamwambia madam nina jambo la nyumbani. Akanipa ruhusa haraka sana, tena kwa upole, na huo upole nao nikaushuku. Nikapanda basi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Niliyapanga yakapangika, mazuri, makali, mengine sikujua kama ninayo.

Mzee wa gereji aliponiona alisimama.

"Bi, leo si siku yako."

"Gari langu, siku zote zangu."

"Basi ngoja nikamwite."

"Usimwite."

Kwenye pembe yetu, juu ya kigoda, palikuwa na vikombe viwili vya chai ya maziwa, kimoja kimenywewa nusu. Viwili. Milango ya gari ilikuwa imefungwa, na ndani taa ya waya ilikuwa inawaka. Niliona kivuli cha mtu kimeinama. Niliushika mkono wa mlango, ule niliousugua mwenyewe mpaka ukang'aa, nikaufungua kwa nguvu zangu zote.

Mume wangu alikuwa peke yake. Amekaa kiti cha mbele cha abiria, ameinamia mgongo wa kiti cha dereva, miwani ya kusomea imemshuka puani. Kwenye kidole cha kati amevaa subana yangu, kile kikofia cha bati cha kusukumia sindano. Uzi alikuwa ameuuma kwa meno.

"Yuko wapi?" nikasema.

Akautoa uzi mdomoni. "Nani?"

"Mshonaji wako! Huyo Mlamu wako! Usinifanye mimi mjinga, mkono wake nimeujua. Hatii fundo!"

Wallahi aligeuka akatazama viti vya nyuma, kana kwamba na yeye anataka kuhakikisha. Kisha akanitazama mimi, polepole akafahamu, na badala ya kucheka uso ukamjaa huzuni.

"Mkono wa mama huo," akasema.

"Mamako amekufa."

"Kanifunza kabla hajafa. Kwetu wanaume washona kofia, hukujua? Mie nimeshona kofia kabla sijajua kufunga nati. Nilipokuja Mombasa, vijana wa gereji wakanicheka, nikaacha. Sikutaka na wewe unicheke."

Nikaingiza mkono, nikakipapasa kile kiti. Ni kweli. Sindano ilikuwa bado imechomekwa, na nyuma yake mstari umenyooka, hauna fundo. Hasira zangu zikakosa pa kukaa kwa muda kidogo tu, kisha zikapata.

"Na kikombe cha pili?"

"Cha mzee."

"Haya. Na kwa nini wafumua kazi yangu? Kazi yangu ina nini?"

Akateremka, akanishika mkono, akanizungusha mpaka upande ule wa kiti ambao alikuwa bado hajaufikia, mstari nilioushona jana yake. Nikautazama. Ulikuwa mzuri. Akakichukua kidole changu cha shahada akakiweka juu ya mshono, akakivuta taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto alifu na be. Kidole kikaenda vizuri, kisha mstari ukapinda kushoto, kisha ukakatika. Palikuwa na mahali pa mishono kadhaa ambapo hapakuwa na mshono wowote, halafu mstari ukaanza tena pengine, kombo. Nikaangalia pale kidole kilipokuwa. Sikuona kosa. Nikapapasa tena, kosa lipo.

"Funga jicho la kulia," akasema.

"La nini?"

"Lifunge tu, Bi Fundi. Nakuomba."

Sikuwa nimepata kufunga jicho moja nikatazama kwa la pili. Nani hufanya hivyo bila sababu? Nikalifunga. Mume wangu akaondoka. Gereji ikaondoka. Pakabaki ukungu wa kijivu, na mahali padogo penye mwanga ambapo niliona kifungo kimoja cha shati lake.

"Waniona?" akauliza.

Nikanyoosha mkono nikamgusa kifua.

Tulikaa kwenye zile safu zetu za viti, milango wazi, na joto lote la Al Quoz likaingia. Akanieleza. Alianza kuona tulipokuwa tunashona viti vya nyuma kabisa. Kwanza mishono, kisha vikombe, kisha akagundua kwamba akija kwangu kutoka kushoto simwoni mpaka aseme. Ndipo akaanza kutembea upande huo, nisigongwe. Sindano alizitunga yeye. Herufi za simu alizikuza yeye. Jumamosi alikuja kufumua na kushona upya, ili Ijumaa nikute kazi yangu imenyooka.

"Ulijua tangu viti vya nyuma ukaninyamazia?"

"Nilikwambia mshono umekwenda kombo. Wakumbuka? Ulivua subana ukanirushia, ukasusa gari mpaka mvua zikaja na kupita."

"Mshono si jicho!"

"Nilidhani utu uzima. Halafu nikaogopa. Dukani wasikie huoni, viza ni yao, watakurudisha kwetu. Na ukiambiwa usishone, wewe utakuwa nani?" Akaivua subana akanitilia mkononi. "Nikasema tumalize gari kwanza."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia. "Huko Lamu hawakukufunza hilo, walikufunza kofia tu?"

Akainamisha kichwa. Nilikuwa nimekuja na maneno ya mke wa pili, yamepangwa tayari. Kwa hili sikuwa na hata moja.

Daktari alikuwa mtu mpole, na alisema kwa Kiingereza cha polepole ili tusikose neno. Presha ya macho. Haiumi, haiwashi, huja inakula pembeni kimya kimya. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na kilichopotea hakirudi. La kulia lilikuwa limeanza, nalo lingeweza kulindwa kwa matone kila siku. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba tungekuja mapema angeokoa zaidi. Mume wangu alitazama mikono yake. Sikumshika mkono. Nilitaka, lakini sikumshika, na tuliporudi kwenye basi nilikaa kiti kingine.

Madam alipoambiwa alisema ameshajua. Ndiyo maana alinitoa kwenye shanga. Hakunirudisha kwetu. Aliniweka mbele, kupima wateja kwa futi na kuzungumza nao, kazi ambayo ulimi wangu uliiweza. Nikaenda nikamsalimia yule dada wa Kifilipino. Dada wa flati yetu naye akaapa kwamba yeye hakuwahi kumshuku mume wangu hata siku moja. Kumbe kila mtu alikuwa ameona, isipokuwa mimi niliyekuwa nachunguza.

Sikurudi gereji kwa muda mrefu. Niliporudi, gari lilikuwa limepigwa rangi ya maziwa, viti vyote vimenyooka, na mume wangu amesimama kando kama mtu anayesubiri hukumu. Nikavikagua kwa kidole, kimoja kimoja. Kazi nzuri, sitasema uongo. Kisha nikamwambia afumue kiti cha dereva, mgongo wote, mistari yake yote.

"Kina kosa gani?"

"Fumua."

Akafumua. Nikamwambia anitungie uzi, mbele yangu, mchana kweupe. Nikashona mwenyewe, kidole kimoja kikimtangulia mwenzake. Mstari ulikwenda kombo, ukarudi, ukaenda tena. Niliujua ulivyo, safari hii sikuhitaji kuambiwa. Na kila nilipomaliza uzi nilitia fundo, mara mbili, nikaliacha juu, pale mgongo wa dereva unapoegemea.

Tulilitoa gari mara ya kwanza Ijumaa asubuhi, barabara zikiwa tupu. Alijinyonganyonga kitini tangu gereji.

"Fundo zako zanikwaruza," akasema.

"Najua."

Kule usukani uko kushoto. Nikitazama mbele naiona barabara, namwona mpita njia wa kulia, naiona boneti yetu inavyong'aa. Mume wangu simwoni. Amekaa upande ule uliokwisha, na nisipogeuza shingo gari linakwenda halina dereva. Nilikuwa namuuliza kuna nini kushoto, akanijibu: msikiti, sasa lori la maji, sasa watoto na baba yao. Sikuwa na njia ya kuhakikisha hata kimoja. Tulipofika kwenye taa nyekundu nilinyoosha mkono nyuma ya mgongo wake, nikapapasa mpaka nikalipata fundo, nikakiacha kidole pale.

"Sasa kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu," akasema. "Mimi tu."